Kazi Isiyohesabiwa: Herakles, Iolaos na Nyoka wa Lerna

Orodha inayofahamika ya kazi za Herakles, shujaa wa visasili vya Kigiriki, ina kazi 12, lakini mapatano ya awali yalikuwa ya kazi 10. Mbili ziliongezwa baada ya mfalme Eurystheus kukataa kuzihesabu mbili zilizokwisha kufanyika: kusafisha zizi la Augeias, kwa madai kwamba Herakles alipatana ujira na mwenye ng'ombe, na kumuua Hydra, nyoka wa vichwa vingi wa Lerna, kwa madai kwamba hakumshinda peke yake bali alisaidiwa na kijana Iolaos. Habari hizi zimo katika Bibliotheke, mkusanyo wa visasili vya Kigiriki ulioandikwa katika karne ya 1 au ya 2 BK na ambao kwa mazoea hutajwa kwa jina la Apollodoros. Uchambuzi huu unashughulikia kesi moja tu, ile ya Hydra. Hoja yangu ni kwamba hukumu ya Eurystheus haikusimama hata kwa kipimo alichokiweka mwenyewe, na kwamba pambano lile kwa umbo lake lilidai watu wawili, jambo ambalo Wagiriki wenyewe walilielewa vizuri zaidi kuliko mfalme wao wa hadithi.

Ili hukumu ieleweke, ni lazima kwanza kujua deni lilitoka wapi. Herakles alizaliwa na Alkmene, mke wa Amphitryon, ingawa baba yake alikuwa Zeus, mfalme wa miungu. Usiku mmoja baadaye Alkmene akajifungua pacha wa pili, Iphikles, ambaye huyo ndiye aliyekuwa mwana wa Amphitryon. Iolaos ni mtoto wa Iphikles. Kwa hesabu ya ukoo tunayoitumia sisi, basi, Herakles ni baba yake mkubwa, na ukubwa wenyewe ni wa usiku mmoja.

Hera, mke wa Zeus, alimchukia Herakles tangu akiwa tumboni. Homer anasimulia katika utenzi wake wa Ilias kwamba siku Zeus alipojigamba mbele ya miungu kuwa anazaliwa mtu wa damu yake atakayewatawala jirani zake wote, Hera alimwapisha asirudi nyuma, kisha akauzuia uchungu wa Alkmene na kuharakisha kuzaliwa kwa Eurystheus, ambaye naye alikuwa wa uzao wa Zeus kupitia kwa Perseus. Hivyo ufalme ambao ungekuwa wa Herakles ukaenda kwa mtoto aliyetoka tumboni kabla ya miezi yake kutimia. Miaka mingi baadaye Hera alimpandisha Herakles wazimu, naye akawatupa motoni watoto wake aliozaa na Megara, pamoja na watoto wawili wa Iphikles. Alipozinduka alijihukumu kwenda uhamishoni, akatakaswa na Thespios, kisha akaenda Delphi kumwuliza mungu akae wapi. Kuhani wa kike wa Apollo alimwambia akae Tiryns, amtumikie Eurystheus miaka 12 na kuzifanya kazi 10 atakazopewa, na zikiisha atapata uhai usiokufa.

Ugonjwa wa kesi hii uko hapo hapo mwanzoni. Mtu aliyepewa mamlaka ya kusema kazi gani imetimia na ipi haikutimia ndiye yule yule aliyekalia kiti cha mtumwa wake, tena kwa hila ya Hera. Na Hesiodos, aliyetunga Theogonia karibu mwaka 700 KK, anaongeza kwamba Hydra, mtoto wa Typhon na Echidna, alilelewa na Hera huyo huyo kwa ajili ya chuki yake kwa Herakles. Hakimu na mnyama wametoka katika mkono mmoja.

Kazi ya kwanza, ya simba wa Nemea, haikuleta ubishi. Ngozi ya simba haikupenyeka kwa mshale, hivyo Herakles alimfuata pangoni, akaziba mlango mmoja, akaingilia wa pili na kumkaba shingo mpaka akafa. Alipomleta, Eurystheus aliingiwa na hofu kiasi kwamba alimkataza asiingie tena mjini na kuamuru kazi zote zionyeshwe nje ya lango. Akajitengenezea mtungi wa shaba chini ya ardhi wa kujifichia, na amri zake zikawa zinapelekwa na mpiga mbiu wake, Kopreus. Jambo hili linahusu kesi yetu moja kwa moja, kwa maana hukumu iliyofuata ilitolewa na mtu ambaye hakuthubutu kumsogelea hata aliyekuwa anamhukumu, sembuse kwenda Lerna kuona kilichotendeka.

Lerna ni mahali pa kweli, pwani ya Ghuba ya Argos, kusini mwa mji wa Argos, penye chemchemi nyingi ambazo zamani zilijaza kinamasi. Mwakiolojia wa Marekani John Caskey alichimba hapo katika miaka ya 1950 na kukuta jumba kubwa la milenia ya tatu KK lenye paa la vigae, ushahidi kwamba watu waliyapenda maji hayo kabla hadithi zetu hazijaandikwa. Katika maji hayo, wanasema Wagiriki, ndimo alimokulia Hydra, akawa anatoka na kuingia nchi kavu, akiangamiza ng'ombe na mashamba. Servius, mfafanuzi wa Kirumi wa mashairi ya Virgil, alitaja maelezo kwamba Hydra hakuwa mnyama bali eneo lenyewe, ambalo ukiziba tundu moja la maji yanafoka kwingine kwingi, na kwamba Herakles alilichoma moto na kuyafunga mapito ya maji. Maelezo haya yanavutia, na mtu yeyote aliyewahi kupambana na maji yanayochimbuka sakafuni atayaona yana akili. Lakini hayaelezi nyongo, ambayo tutaifikia, wala hayamwelezi Iolaos.

Herakles hakwenda Lerna kwa miguu. Alipanda gari la farasi, na aliyeshika hatamu alikuwa Iolaos. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili haraka, lakini katika kesi lina uzito wake, kwa sababu linaonyesha kwamba kijana hakuzuka katikati ya vita kama mamluki. Aliondoka nyumbani na baba yake mkubwa akiwa mwendesha gari, na hiyo ni nafasi ambayo mashujaa wa Kigiriki walikuwa nayo daima bila kupunguziwa sifa. Hektor alikuwa na mwendesha gari wake, Achilles alikuwa na wake, na hakuna aliyesema kwamba waliowaua waliuawa na wawili.

Walipofika walisimamisha farasi, na Hydra akaonekana juu ya kilima kando ya chemchemi ya Amymone, palipokuwa na tundu lake. Kwa mujibu wa Apollodoros alikuwa na mwili mkubwa mno na vichwa tisa, vinane vya kufa na kimoja cha katikati kisichokufa. Herakles alimtupia mishale yenye moto mpaka akalazimika kutoka, na alipotoka tu akamkamata na kumbana. Hapo nyoka naye akajizungusha kwenye mguu wake mmoja na kung'ang'ania.

Tuitazame hali hiyo kwa karibu. Mguu umefungwa na mwili wa nyoka, kwa hiyo Herakles hawezi kurudi nyuma wala kuzunguka. Mikono yake ina kazi ya kumshikilia mnyama na ya kuinua rungu. Kila kichwa anachokiponda, viwili vinachipua mahali pake, na rungu lile ambalo tangu Nemea ndilo linalomtambulisha sasa linamzidishia adui silaha. Kadiri anavyopiga vizuri ndivyo hali yake inavyozidi kuwa mbaya. Kisha kutoka majini anapanda kaa mkubwa na kumuuma mguu. Herakles anamuua kaa huyo, lakini wakati anamshughulikia kaa hashughulikii vichwa, na vichwa havingoji. (Hera alimtunuku kaa yule kwa utumishi wake kwa kumweka mbinguni, na ndiye wa ile buruji ambayo wanajimu wetu huiita Saratani, neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, ingawa siku hizi wengi wetu tunalijua kwa maradhi tu.)

Hapo ndipo Herakles alipomwita Iolaos. Kijana akaiwasha sehemu ya msitu wa karibu, akachukua vijinga vya moto, na kila shingo ilipobaki kisiki akaiunguza shinani kabla haijachipua. Vichwa vilipokwisha, Herakles akakikata kile kisichokufa, akakifukia na kukiwekea jiwe zito juu yake, kando ya njia inayotoka Lerna kwenda Elaious. Mwili akaupasua, na katika nyongo yake akachovya mishale yake.

Ukiuangalia mwenendo huu kama fundi anavyoangalia mashine iliyokataa kufanya kazi, utaona kwamba kilichopungua hakikuwa nguvu. Kati ya pigo na chipukizi palikuwa na nafasi fupi, na ndani ya nafasi hiyo zilihitajika kazi mbili, ya kukata na ya kuunguza. Ya pili ilimtaka mtu aliye huru kutembea: aende msituni, awashe, achague kijinga kilichoshika moto sawasawa, arudi nacho kabla hakijafifia, kisha aende tena. Mtu aliyefungwa mguu na nyoka hawezi kufanya hivyo, hata akiwa mwana wa Zeus. Nguvu za Herakles zilitosha kwa simba kwa sababu simba ana shingo moja na akikabwa amekabika. Kwa Hydra zilihitaji jozi ya pili ya miguu.

Kuna jambo jingine ambalo Apollodoros halisemi neno juu yake, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyetupa pande zote mbili. Watoto wawili wa Iphikles walikufa katika moto uliowashwa na wazimu wa Herakles. Walikuwa ndugu wa Iolaos. Kijana huyo ndiye anayekwenda Lerna akiwa ameshika hatamu, na anapoitwa analeta moto.

Sasa tuje kwenye hukumu. Maneno ya Eurystheus ni mafupi: kazi hii isihesabiwe miongoni mwa zile kumi, kwa kuwa Herakles hakumshinda Hydra peke yake, bali pamoja na Iolaos. Sharti la kufanya peke yake halimo katika maneno ya Delphi kama yalivyosimuliwa. Kilichotajwa ni kutumikia na kutimiza. Sharti lilizaliwa kazi ilipokwisha. Hata hivyo tumpe mfalme haki yake na tuseme kwamba aliyetoa kazi ana ruhusa ya kueleza masharti yake. Je, aliyashika yeye mwenyewe?

Ndege wa ziwa Stymphalos walitolewa vichakani kwa kayamba za shaba ambazo Athena, mungu wa kike wa hekima, alimpa Herakles, nazo zilitengenezwa na Hephaistos, mungu wa uhunzi; kazi ikahesabiwa. Kwa farasi wa Diomedes, Herakles alikwenda na watu waliojitolea kumfuata, na kijana Abderos aliyeachiwa kuwalinda farasi hao akararuliwa nao mpaka akafa, kazi ikahesabiwa. Kuutafuta mkanda wa malkia wa Waamazoni alikwenda na meli yenye wafuasi, ikahesabiwa. Kwenda kuchukua ng'ombe wa jitu Geryon, mbali upande wa machweo, alivuka kwa kikombe cha dhahabu alichoazimwa na Helios, mungu wa jua, nayo ikahesabiwa.

Mtetezi wa Eurystheus anaweza kujibu kwamba kuna tofauti kati ya kupewa chombo na kushirikiana katika pigo lenyewe, na kwamba Iolaos aliugusa mwili wa mnyama kwa mkono wake. Nakiri kwamba hiyo ndiyo hoja bora inayoweza kutolewa upande wake, na ningeiheshimu kama isingekuwa kwa matofaa ya dhahabu ya Hesperides. Hiyo ni mojawapo ya kazi mbili zilizoongezwa ili kufidia zile zilizokataliwa. Katika simulizi ya Apollodoros, Prometheus alimshauri Herakles asiende mwenyewe kuyachuma bali amtume Atlas, na Herakles akabaki ameibeba mbingu mabegani huku Atlas akienda, akachuma matatu na kurudi nayo. Apollodoros anataja pia wasemao kwamba Herakles alimuua nyoka mlinzi na kuyachuma kwa mkono wake, lakini simulizi anayoitanguliza ni ya Atlas. Kwa hiyo kazi iliyowekwa kwa sababu Herakles alisaidiwa ilitimizwa na mtu mwingine kabisa, nayo ikapokelewa bila swali.

Wagiriki wenyewe hawakuonekana kuihangaikia hukumu hiyo. Hesiodos, shahidi wetu wa zamani zaidi wa maandishi, anasema Herakles alimuua Hydra kwa shaba isiyo na huruma akiwa pamoja na Iolaos shujaa wa vita, kwa mashauri ya Athena. Anamtaja Iolaos kama sehemu ya ushindi. Pini za shaba za Boiotia za karibu wakati huo huo zinaonyesha nyoka wa vichwa vingi, Herakles, mwenzake na kaa. Pembetatu ya mbele ya paa la jengo dogo la Akropolis ya Athens, iliyochongwa katika jiwe la chokaa karibu mwaka 570 KK na inayohifadhiwa katika jumba la makumbusho la hapo, inamweka Herakles mbele ya Hydra, nyuma yake Iolaos na gari la farasi, na kaa pembeni kabisa. Na katika hekalu la Zeus huko Olympia, lililokamilika karibu mwaka 456 KK, wachongaji walipoonyesha kazi 12 kwenye vibao vya mawe, ile ya Hydra ilikuwa mojawapo.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyefika Lerna, alikuwa na shaka ya aina nyingine. Alioneshwa mti ulioota kwenye chemchemi ya Amymone na kuambiwa kuwa ndipo alipokulia Hydra, akakubali kwamba nyoka huyo alikuwa mkubwa kuliko nyoka wengine wa majini na mwenye sumu kali mno, lakini akasema kwa maoni yake alikuwa na kichwa kimoja tu, na kwamba mshairi Peisandros wa Kamiros ndiye aliyemwongezea ili atishe zaidi na shairi lipate sifa. Wengine walikwenda upande wa pili. Mshairi Simonides alimpa vichwa 50. Mimi naona kwamba vichwa na Iolaos ni kitu kimoja katika kisa hiki: ukikubali kichwa kimoja cha Pausanias, kijana mwenye kijinga cha moto hana kazi ya kufanya, na Eurystheus hana la kulalamikia.

Methali ya Kigiriki ilisema kwamba hata Herakles hawezi kupambana na wawili. Plato anaitumia katika Phaidon, mazungumzo ya siku Socrates alipokunywa sumu gerezani mwaka 399 KK. Mjadala umekwama, hoja mbili nzito zimetokea kwa wakati mmoja, na Phaidon, mwanafunzi wa Socrates, anasema hata Herakles hawezi kupambana na wawili. Socrates anamjibu: basi niite mimi Iolaos wako, maadamu bado kuna mwanga. Mahali hapo kumwita Iolaos si aibu wala upungufu, ni jambo la kawaida ambalo mtu mwenye busara hulifanya kabla jua halijatua.

Ipo pia sababu nyingine ya kuikataa hukumu, nayo ni nyongo. Mishale iliyochovywa Lerna ndiyo Herakles aliyoendelea kuitumia. Kuhusu Geryon, vipande vilivyosalia vya shairi la mshairi wa Kigiriki Stesichoros vinaeleza mshale uliopakwa damu na nyongo ya Hydra ukipenya kichwani mwake. Kazi iliyokataliwa iliipatia silaha kazi iliyokubaliwa, na mfalme aliipokea faida huku akiikana asili yake.

Silaha hiyo haikuchagua adui. Mshale mmoja ulipita mkono wa Elatos, kentauro (kiumbe nusu mtu, nusu farasi), na kumchoma gotini Cheiron, mwalimu wa mashujaa, ambaye kwa kuwa hakuweza kufa na hakuweza kupona aliomba aondolewe uhai usiokufa. Pholos, aliyekuwa amemkaribisha Herakles chakula, alichomoa mshale kwenye maiti, akaushangaa jinsi kitu kidogo hivyo kilivyoangusha viumbe wakubwa, ukamponyoka, ukamdondokea mguuni, akafa papo hapo. Kentauro Nessos, alipopigwa kwa kumshika Deianeira mke wa Herakles, alimwambia mwanamke huyo aihifadhi damu ya jeraha kama dawa ya mapenzi. Miaka ikapita, Deianeira akaipaka kwenye vazi, na vazi likamshika Herakles mwilini na kumla nyama. Hydra alimpata mwishowe. Herakles aliomba apandishwe juu ya kuni mlimani Oita na kuchomwa, na mwanahistoria Diodoros wa Sicilia anaandika kwamba Iolaos na wenzake walipokuja kukusanya mifupa hawakukuta hata mmoja.

Eurystheus hakuiacha familia. Aliwafukuza watoto wa Herakles kutoka mji hadi mji, na katika tamthilia ya Euripides juu ya watoto hao, anayewaongoza ni Iolaos, sasa mzee asiyeweza kusimama bila kushikwa mkono. Siku ya vita karibu na Athens anasisitiza avalishwe silaha, anapanda gari la farasi kama alivyopanda siku ya Lerna, na anawaomba Zeus na Hebe, mungu wa kike wa ujana, wamrudishie ujana wake kwa siku moja tu. Nyota mbili zinatua juu ya nira, gari linafunikwa na wingu jeusi, na anapotokea mikono yake ni ya kijana. Kwenye majabali ya Skiron anaifikia gari ya Eurystheus, anamkamata, na kumrudisha akiwa hai, amefungwa mikono, kwa Alkmene.